Kadi ya USB Inakatakata: Usiilaumu Kabla Hujapima Umeme

"Fundi, hii ni kadi ya tatu. Zote feki."

Dada mwenye steshenari aliiweka kadi juu ya meza yangu, ile inayofungwa ndani ya kompyuta ili kuiongezea poti za USB, akafuatisha na kompyuta yenyewe. Ni ile ya ofisi, ya mtumba, kesi nyembamba, ya mwaka 2011 hivi, nyuma ina poti za USB 2.0 tupu. Dukani kwake anachomeka printa, skana, mashine ya alama za vidole, na hadidiski ya nje yenye kazi za wateja: tasnifu, kadi za harusi, picha za pasipoti. Alitaka USB 3.0, yenye kasi zaidi, ili asikae nusu saa akimnakilia mteja video. Kadi ya kwanza ilikata diski katikati ya kazi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Kadi tatu, maduka matatu, ugonjwa mmoja: hapo siitazami kadi tena, naitazama kompyuta.

Nina kidude cha kupimia USB, kile chenye kioo kidogo kinachoonyesha volti na ampea. Nikakiweka kati ya poti na diski. Bila diski kilisoma 5.06. Nikachomeka diski: ikalia "tik", ikajaribu kuzunguka, namba ikaporomoka hadi 4.31, taa ikazima, Windows ikatoa ile sauti yake ya kuaga. Nikafungua kesi. Kwenye mkia wa kadi kulikuwa na soketi ya umeme ya SATA, kama ile ya hadidiski ya ndani, inang'aa, haijawahi kuguswa na waya. Nikamwuliza zile mbili za mwanzo ziko wapi. Alikuwa nazo kwenye mkoba. Moja ina soketi ya Molex, ile ya zamani yenye pini nne nene, safi kama ilivyotoka kiwandani. Nyingine haina soketi kabisa.

Hakuna aliyemwambia kwamba kadi hizi zinataka kulishwa. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba naanza nalo, kisha ndiyo nakuja kwenye dalili nyingine.

Inaonekana vizuri, mausi na flashi ni sawa, lakini hadidiski inakatika

Sloti ya PCI Express, ile nafasi ndani ya kompyuta ambamo kadi inaingia, haina laini ya volti 5. Ina 12 na 3.3 tu. USB inataka 5. Kwa hiyo kadi ina njia mbili: ama ijitengenezee 5 kutoka kwenye ile 12 ya sloti, ama iletewe umeme kwa waya kutoka pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme. Kadi fupi ya x1, yenye njia moja tu ya data, kwa kawaida imepangiwa wati 10 kwa jumla, na ndani ya hesabu hiyo laini ya volti 12 ni nusu ampea, yaani wati 6. Toa kinachopotea kwenye kugeuza, unabaki na ampea moja na chenji kwa poti zote. Huku nyuma kanuni ya USB 3.0 inaahidi miliampea 900 kwa kila poti. Poti nne ni ampea 3.6, wati 18. Hesabu haifiki, na haitafika hata ununue kadi kumi.

Mausi na kibodi hazihisi kitu kwa sababu hazili. Flashi nayo hupita. Mlafi ni hadidiski ya inchi 2.5, hasa zile sekunde chache za kuanza kuzunguka. Ndiyo maana dalili huwa ileile: diski inalia tiktik, inatokea, inapotea, inatokea tena, au inakaa vizuri mpaka uchomeke kitu cha pili pembeni yake. Ukiona kuchomeka flashi kunaiangusha diski, usihangaike na draiva, ile programu inayoiongoza kadi. Ni njaa.

Dawa ni waya. Zima kompyuta, chomoa kutoka ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki ndani uishe, halafu tafuta kichwa cha SATA cha umeme kilicho huru. Kwenye kesi kubwa kipo. Kwenye kesi nyembamba pawa saplai huwa imetoa vichwa viwili tu, cha diski na cha DVD, na kile cha DVD wakati mwingine ni kifupi chenye pini 6 badala ya 15, hakiingii kwenye kadi. Hapo unatumia kigawanyi cha Y kutoka kwenye kichwa cha diski. Angalia unachonunua: kuna kebo za kugeuza Molex kuwa SATA ambazo kichwa chake kimemiminwa plastiki kikawa kipande kimoja na waya. Hizo zina historia ya kupiga shoti kwa ndani na kuyeyuka. Chukua zile ambazo kichwa chake kimebanwa juu ya waya kwa kifuniko unachoweza kukiona.

Kwa dada nilichomoa DVD nikaipa kadi kichwa chake. Diski ikawaka, kidude kikasoma 4.97 huku inazunguka. "Sasa DVD je?" Nikamwuliza mara ya mwisho ameitumia lini. Akacheka, akasema tuiache hapo hapo izibe tundu.

Kama waya umeshachomekwa na bado inakatika, hamia kwenye kebo ya diski. Jaribu fupi, ya nusu mita, iliyokuja na diski yenyewe. USB 3.0 haivumilii kebo ndefu kama ilivyokuwa 2.0, ikizidi mita 3 usishangae lolote. Halafu pima pawa saplai: waya mwekundu na mweusi wa Molex viwe kati ya 4.75 na 5.25. Kompyuta za umri huu, kapasita zimechoka, na mahali umeme unapoyumba zimechoka zaidi. Pawa saplai inayotoa 4.7 bila mzigo haiwezi kulisha kadi yoyote, iwe ya bei gani.

Na kabla ya yote hayo, jambo la dakika moja: chomeka diski ileile, kwa kebo ileile, kwenye poti ya nyuma ya mazabodi, yaani bao kuu la kompyuta. Ikikatika na huko, kadi haina kosa.

Haionekani kabisa

Hapa mara nyingi ni mguso. Kadi ya x1 ina ulimi mfupi, ile sehemu yenye mistari ya dhahabu inayoingia kwenye sloti, na kesi za bei nafuu zina bati lililopinda kidogo. Unaisukuma kadi inaingia vizuri, unakaza skrubu ya mabano (kile kipande cha chuma kinachoishikiza kadi nyuma ya kesi), na bati linauvuta mkia wa kadi juu kwa milimita moja. Kwa macho imekaa. Kwa umeme imetoka. Legeza skrubu, sukuma kadi chini kwa kidole gumba, kaza huku umeishikilia, kisha chungulia kutoka ubavuni: ile mistari ya dhahabu iwe imezama sawasawa pande zote mbili. Kama mabano ndiyo yamepinda, yanyooshe kwa koleo, usiilazimishe kadi.

Kama imekaa kwenye duka lenye vumbi na chumvi ya bahari, safisha ulimi kwa kifutio laini cha penseli, halafu pamba yenye spiriti. Jaribu sloti nyingine. Kadi ya x1 inaingia kwenye sloti ya x4 au x16 na kufanya kazi bila tatizo, kwa hiyo kama sloti ndefu haina kadi ya picha, itumie. Ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka, uangalie kama sloti haijazimwa. Kompyuta za ofisi mara nyingi zilizimwa vitu na watu wa mwanzo, hujui walikuwa wanazuia nini.

Kuna wanaoleta kadi ya PCI ya zamani, yenye ulimi mrefu wenye mapengo, wakitaka iingie kwenye PCI Express. Haiingii, na hata ingeingia, PCI ya zamani inaishia MB 133 kwa sekunde kwa kadi zote zilizo kwenye basi hilo. Na kuna kile kibao cha wachimba sarafu za mtandaoni, chenye poti ya bluu inayofanana kabisa na USB. Hicho si USB. Kebo ni ya USB lakini kinachopita ndani ni ishara za PCI Express. Usichomeke flashi humo.

Inaonekana ila ina alama ya njano

Windows 8 na zilizofuata zina draiva ya USB 3.0 ndani yake. Windows 7 haina. Kwa hiyo kwenye Windows 7 alama ya njano ndani ya Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, siku ya kwanza ni jambo la kawaida, linatibika kwa draiva ya mtengenezaji wa chipu. Kwenye Windows 10 au 11 alama hiyo ina maana nyingine: ama kadi haipati umeme, ama chipu haijaamka.

Ile CD ndogo ya kwenye boksi achana nayo. Fungua Device Manager, bofya kulia kwenye kifaa chenye alama, nenda Properties, Details, kisha Hardware Ids. Utaona VEN ikifuatiwa na namba au herufi nne zinazomtaja mtengenezaji wa chipu. 1912 ni Renesas, 1033 ni NEC ambayo kitengo chake cha chipu kiliungana na Renesas mwaka 2010, 1106 ni VIA, 1B21 ni ASMedia, 1B73 ni Fresco Logic, 1B6F ni Etron. Kwenye Linux amri ya lspci -nn inakupa namba hizohizo. Sasa unajua unatafuta draiva ya nani, hutegemei jina lililochapwa kwenye boksi, ambalo mara nyingi ni la mfungashaji tu.

Renesas wana kituko chao. Chipu zao uPD720201 na uPD720202 zinahitaji programu ndogo ya ndani ili ziamke. Kadi nzuri inabeba programu hiyo kwenye kichipu cha kumbukumbu pembeni. Kadi iliyobanwa bei haina kichipu hicho, inasubiri kulishwa programu na draiva kila inapowashwa. Ukiona kosa la Code 10 kwenye kadi ya aina hii, au Linux ikilalamika kwamba haikupata faili la renesas_usb_fw.mem, ndiyo hiyo. Geuza kadi utafute kichipu cha miguu 8 karibu na chipu kubwa. Ukikuta nafasi yake imeachwa wazi, alama za kulehemu tu, umeshajua bei ilishukaje.

Inafanya kazi, lakini iko taratibu

Soma namba kwanza. Faili kubwa moja likienda kwa MB 35 hadi 40 kwa sekunde bila kupanda, umekwama kwenye USB 2.0. Sababu ya kijinga kuliko zote, nami imenikuta: kuchomeka taratibu. Plagi ya USB 3.0 ina pini 9, zile nne za zamani zinagusa kwanza, na ukisukuma polepole kompyuta inaitambua kama 2.0 kabla pini tano za ndani hazijafika. Chomoa, sukuma kwa mkupuo mmoja hadi mwisho. Ikibaki vile vile, badilisha kebo. Si kila chenye plastiki ya bluu kina waya zote ndani.

Ikiwa inagota karibu na MB 200, tatizo ni umri wa kompyuta. Sloti ya PCI Express ya kizazi cha kwanza inatoa MB 250 kwa sekunde kwa x1, ya pili 500, ya tatu karibu 985. Mazabodi zenye chipseti (chipu zinazoliongoza bao) za Intel za mfululizo wa 4, kama Q45, zinatoa kizazi cha kwanza kwenye sloti ndogo. Mfululizo wa 5 uliandikwa PCI Express 2.0, yaani kizazi cha pili, lakini sloti za chipseti zinakwenda kwa kasi ya zamani. Kuanzia mfululizo wa 6, mwaka 2011, kasi ya 2.0 ni ya kweli. Kwa mazabodi ya zamani, kuihamishia kadi kwenye sloti ndefu ya x16 mara nyingi kunaongeza mwendo, kwa sababu sloti hiyo haipitii njia ileile.

Ila kama kifaa chenyewe ni hadidiski ya kuzunguka, MB 100 na kitu ndio mwisho wake. Usiikorofishe kadi kwa deni lisilo lake.

Kadi ya poti saba inastahili neno lake. Chipu nyingi za kawaida zina poti nne. Ili zifike saba, mtengenezaji anaweka habu, yaani kigawanya poti, ndani ya kadi. Poti saba zinagombania njia moja ya sloti, na umeme uleule. Kwa printa na skana haina neno. Kwa kamera mbili za kurusha ibada mbashara, utaona picha inaganda.

Inakufa kompyuta ikilala

Ukiiamsha, vyote vilivyo kwenye kadi vimekufa mpaka uwashe upya. Nenda Device Manager, kwenye kila USB Root Hub, sehemu ya Power Management, ondoa alama ya kuruhusu kompyuta kuzima kifaa. Kwenye mipango ya umeme zima USB selective suspend, na pia Link State Power Management ya PCI Express. Isipopona, usiilaze mashine. Zima skrini tu. Kuna kadi zisizokubali kuamka na hakuna draiva itakayozibadilisha.

Mausi isiyo na waya inarukaruka

Hii inawapoteza watu, wanabadilisha betri, wanabadilisha mausi. USB 3.0 inapofanya kazi inatoa kelele za redio zinazoangukia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya mausi na Wi-Fi. Intel walichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Hamisha kile kipokezi cha mausi kiende poti ya mbele, au kitolee nje kwa kebo ya kurefusha ya USB 2.0, sentimita 50 zinatosha.

Kibodi haifanyi kazi kwenye BIOS

Mashine nyingi za zamani hazijui kuzungumza na kadi ya USB 3.0 kabla mfumo haujawaka, na haziwezi kuwaka kutoka kwenye flashi ya Windows iliyochomekwa humo. Kibodi na flashi ya kufungia mfumo vibaki kwenye poti za mazabodi.

Ukiwa kaunta unanunua

Kwanza hakikisha unaihitaji. Intel walianza kuweka USB 3.0 ndani ya chipseti mwaka 2012, mfululizo wa 7. Kama kompyuta yako ni ya kuanzia hapo, inawezekana poti unazo nyuma, au kuna soketi ya pini 19 kwenye mazabodi haijaunganishwa na kesi.

Ukiihitaji, mwombe muuzaji aitoe kwenye mfuko. Usiulize ina poti ngapi, uliza ina chipu gani, na kama hajui, isome mwenyewe chini ya taa. Mimi kwa kazi za kawaida nachukua VL805 ya VIA, ileile iliyowekwa kwenye Raspberry Pi 4, au uPD720201 ya Renesas yenye kile kichipu chake pembeni. FL1100 ya Fresco Logic nayo haijawahi kunirudisha kwa mteja. Kwa gigabiti 10 naangalia ASM3142, lakini hiyo inataka sloti ya kizazi cha tatu yenye njia mbili. Kwenye mashine ya 2011 unalipia kasi ambayo haitafika.

Kisha soketi ya umeme: iwepo, na iwe ya aina ambayo pawa saplai yako inayo. Kama kadi inajitengenezea volti 5, utaona koili nyeusi ya mraba, nene, karibu na ulimi. Mabano mafupi yawe kwenye boksi kama kesi yako ni nyembamba. Hili watu hulisahau, wanaishia kuifunga kadi bila mabano ikicheza kila wanapochomeka.

Maandishi ya boksi yasikutishe. USB 3.0 ilibatizwa 3.1 Gen 1, ikabatizwa tena 3.2 Gen 1, na ni gigabiti 5 zilezile. Poti ya Type-C nayo ni umbo tu. Tafuta namba ya gigabiti.

Na ukifika nyumbani, kabla siku za kurudisha bidhaa hazijaisha, chukua faili lisilopungua GB 20, linakili kwenda kwenye diski ya nje kupitia kadi, kisha lirudishe kwenye folda nyingine, huku poti zilizobaki zikiwa na vitu. Fungua Command Prompt ya Windows, andika amri certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256, kwa faili la mwanzo na lile lililorudi. Kila faili litatoa mstari wake mrefu wa herufi na namba; mistari miwili ikifanana hadi herufi ya mwisho, faili halikuharibika njiani, funga kesi. Isipofanana, rudia kwa kebo nyingine. Ikikataa tena, irudishe dukani kesho yake asubuhi ukiwa na risiti.